Gitaa Lisilogombolewa

Klementi nilimfahamu siku ya msiba wa baba yake, na jambo la kwanza nililomfanyia ni kumchukulia gitaa.

Msinihukumu mapema. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akifika msibani kazi yake si kulia. Bibi alinitoa Mtanda, Lindi mjini, akanipeleka Tingi na kunipa maagizo njiani: kawachekeshe wafiwa, na kitu ukikipenda beba, wakikitaka wakigomboe. Nikaingia, nikajilaza jamvini katikati ya wanaume, nikatangaza kuwa marehemu ameniachia nyumba, shamba na mjane. Kisha nikanyanyua gitaa lililoegemea ukuta, nikatoka nalo. Kijana mwembamba akanifuata hadi barabarani, ameshika jogoo miguuni.

"Mtani," akasema, "chukua huyu, nipe changu."

Jogoo tulimla wote wawili jioni ile ile. Tukawa ndugu.

Gitaa alilipata kanisani, kwaya ilipohamia kwenye kinanda. Lakini nyimbo za kwaya hazikumtosha. Alishasikia roki kwenye simu ya mtu, akachomeka gitaa lake kwenye spika ya redio iliyopasuka, likatoa sauti kama msumeno unaogombana na mti. Mwalimu wa kwaya akamwambia spika imekufa. Klementi akajibu kuwa ndiyo kwanza imefufuka. Hapo ndipo kwaya ilipoachana naye kwa amani.

Akaja Lindi, akalala chumbani kwangu. Mimi nikapiga ngoma na debe, yeye gitaa, tukajiita Watani Wawili. Mji mzima ulitaka singeli, sisi tukaupa roki kwa Kiswahili na Kimatumbi. Kwenye harusi ya kwanza shangazi wa bibi harusi alituomba tupumzike kabla hatujaanza wimbo wa pili. Nafasi yetu tuliipata Somanga, barazani kwa mama lishe mmoja, Mwanaima, mahali mabasi yanaposimama ili watu wapate kula. Abiria ana dakika ishirini na samaki mdomoni, hana pa kukimbilia. Wakazoea. Wengine wakaanza kutuulizia.

Siku moja jikoni, Mwanaima alimwomba Klementi amsogezee sufuria. Akalishika kwa mkono wa kushoto, bila kitambaa, akalitoa motoni huku ananisimulia habari za mpira. Ni harufu ndiyo iliyotushtua. Ngozi ya vidole imebaki kwenye sufuria, yeye bado yuko dakika ya themanini.

"Mtani, sikuhisi kitu," akaniambia.

Nikamjibu kuwa Wamatumbi hata vichwa vyao havihisi, sembuse vidole. Kila mpiga gitaa, nikasema, nyuzi humkomaza vidole. Akacheka. Baadaye akanionyesha baka jeupe mkononi, nikasema roki imeanza kumwingia, kesho ataamka Mzungu. Akacheka tena. Sisi tangu siku ya jogoo hatukuwahi kuambiana neno bila mzaha. Hata mama yake alipougua, habari alinipa kama kichekesho. Kwa hiyo alipozungumza kweli, nilisikia mzaha, na nilipofanya mzaha, yeye alisikia ushauri.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu. Lakini mimi nina akili. Nikasema hili tulipeleke jukwaani.

Katikati ya wimbo nilikuwa nasimamisha ngoma, Klementi anatoa kaa la moto kwenye jiko la Mwanaima, analishika mpaka akina mama wanafunika macho, kisha analitupa na kupiga gitaa kwa vidole hivyo hivyo. Mchezo huo niliuita Vidole vya Chuma. Mabasi yalichelewa kuondoka. Vijana wakarekodi, video ikatembea kuliko sisi, na siku moja tukapigiwa simu kutoka Dar: kuna tamasha, njooni. Jukwaa la kweli, lenye spika nzima. Klementi akauliza kama wataturuhusu kupasua moja.

Hakuna alichokitaka duniani kama jukwaa lile. Alifanya mazoezi kila asubuhi. Ndipo wiki moja akaninyooshea mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa vimekunjamana.

"Hivi viwili havinisikii tena."

"Vimeshaona Dar," nikasema. "Vinaringa."

Safari hii hakucheka.

Mwanaima si mtani wa mtu. Alipoona kidonda cha kidoleni kinatoa usaha, alivua aproni, akamshika Klementi kama mtoto mtoro na kumpeleka zahanati. Nikawafuata. Nesi alimfumbisha macho, akamgusa kwa pamba, hapa na hapa na hapa, akimwambia aseme akihisi. Klementi alikuwa bado anamsubiri aanze.

Ni ukoma, nesi akasema. Dawa zipo, ni bure, atameza mwaka mzima na atapona, wala hatamwambukiza mtu. Klementi akauliza habari ya vidole. Nesi akakunja karatasi yake taratibu.

"Ungekuja baka lilipotoka. Hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia mtani wangu," akasema. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana naisikia kauli ile mpaka leo.

Dar hatukwenda. Makaa yalikuwa yamefika mfupani, kidole kimoja kikakatwa, cha pili kikabaki kimekunjwa. Akarudi Tingi kwa mama yake, Apolonia, kulima ufuta.

Mwaka wa dawa ulipokwisha nikamfuata. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Klementi alikuwa uani anapepeta ufuta. Gitaa lilikuwa ukutani, lina vumbi. Nikafanya jambo pekee nililolijua: nikalitungua, nikatoka nalo taratibu ili nifuatwe.

Barabarani nikasikia hatua zake. Nikageuka. Mikono yake mitupu.

"Jogoo tunao watatu," akasema. "Sitoi hata mmoja."

Nikamwambia mtani hakatai kugomboa, wazee watatucheka.

"Basi ni lako, Tawakali."

Hakuwahi kuniita kwa jina. Basi likatokea, akalisimamisha yeye mwenyewe, kwa mkono ule wa kushoto, umekunjwa kana kwamba bado umeshika shingo ya gitaa.

Gitaa liko chumbani kwangu Mtanda. Watu wakiuliza la nani, nawaambia ni la mtani wangu, atakuja na jogoo kuligomboa. Wanacheka. Mimi siku zote nimekuwa hodari wa kuchekesha.