Mbavu za Watasema

Cletus alipitisha vidole ubavuni mwa mbwa wake, akazihesabu mbavu zote bila kubonyeza. Mwezi mmoja nyuma angelazimika kuzitafuta. Watasema alikuwa jike kubwa, uzao wa mbwa wa polisi, masikio wima; nguruwe pori wa uwanda wa Rondo walikuwa wakisikia sauti yake tu, wanauacha muhogo na kwenda zao. Sasa manyoya yamepauka na miguu ya nyuma inayumba. Hata hivyo, kila alichowekewa alikimaliza, akalamba hadi udongo ulioizunguka sahani.

Au ndivyo Benadetha alivyosema.

Benadetha alikuwa na miezi minane katika nyumba ile. Mbwa alikuwa wa marehemu Fortunata, mke wa kwanza, aliyemlea tangu akiwa wa kuenea viganjani, akampa na jina. Cletus hakuwahi kumsikia mke wake mpya akimkaripia mnyama huyo, na hilo lenyewe lilimtia shaka. Mwenye chuki ya kweli, alijiambia, hapigi kelele. Akaanza kurudi kutoka shambani kabla ya wakati, akipita nyuma ya nyumba, ili aone sahani ya mbwa imewekwa nini. Kila mara aliikuta imejaa. Kila mara shaka ilizidi, kwani kama hanyimwi chakula, basi ndani ya chakula kuna kitu.

Bwana mifugo aliyepita kijijini kuchanja mbwa aliitwa Augustine. Alimwangalia Watasema kwa muda, kisha akauliza habari za choo chake.

"Kingi mno," Benadetha alijibu kabla mumewe hajafungua mdomo. "Cheupe-cheupe, laini, kinang'aa mafuta. Na akipata nafasi, hukila."

Cletus alimtazama. Ameyajuaje yote hayo?

"Nadhani ni kongosho," alisema Augustine. "Ni kiungo kidogo kilicho jirani na tumbo, ndicho kinachotoa vimeng'enya vya kusaga chakula. La huyu limechoka. Chakula kinaingia, kinapita, kinatoka. Anakufa njaa huku ameshiba. Kipimo chenyewe hakifanyiki huku, kwa hiyo tumtibu, tuone."

"Si sumu?" Cletus aliuliza polepole.

"Si sumu, mzee."

Benadetha alikuwa akianua nguo. Mikono yake ilisimama kidogo kwenye kamba, kisha ikaendelea.

Dawa ilikuwa kongosho bichi la ng'ombe aliyekaguliwa, likatwekatwe hadi lilainike, lichanganywe na chakula kilichopoa, mara tatu kwa siku. Wasilipike, kwani moto ungeua kazi yake. Mafuta wampunguzie. Asipewe hata tonge moja lisilo na dawa. Sindano ya vitamini angeleta Augustine mwenyewe kila wiki.

Siku za kuchinja, Benadetha aliamka alfajiri kwenda machinjioni kwa miguu. Alichopata alikihifadhi katika friji la masista wa misheni, akawa anakifuata kidogo kidogo. Alipokuwa akikata, Cletus alivuta kigoda karibu, akajifanya ananoa panga. Mkewe alipomaliza kuchanganya, Cletus alitumbukiza kidole sahanini ahakikishe hakuna joto. Benadetha alisubiri hadi kidole kitoke, ndipo akamwita mbwa.

Wiki ya tatu choo kilishikamana. Wiki ya tano mbavu zilianza kupotea chini ya nyama, na usiku mbweko ulisikika tena mashambani. Cletus alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na jicho moja wazi.

Kisha korosho zikaanza kudondoka, kazi ikawa nyingi, na Watasema akaanza kukonda upya.

Safari hii Cletus hakuuliza mtu. Aliokota kijiti, akaenda nyuma ya nyumba, mbwa alikozoea kujisaidia, kama mpelelezi, akainama kukichokoa kilichokuwa chini. Alitafuta jani asilolijua, unga, kipande cha chupa, chochote cha kumpelekea Augustine na kumwambia, sasa je? Alichokiona ni vipande vyeupe, vikubwa, vingine nusu nzima. Alivigeuza mara mbili.

Kila alasiri kule shambani alibanika korosho na kula na Watasema, moja yake, moja ya mbwa, kama alivyokuwa akifanya Fortunata. Hakuwahi kukihesabu kile kuwa ni chakula.

Alisikia hatua. Benadetha alisimama nyuma yake na jembe la kuzolea uchafu.

"Umeona nini?"

"Korosho."

"Mimi nimeziona tangu juzi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungesema nimezitia mimi."

Alipita, akazoa, akaenda kufukia. Cletus alibaki ameinama, kijiti mkononi.

Mchana alitengewa ugali na kisamvu. Akanawa, akakaa. Alipotaka kunyoosha mkono, Benadetha alimtangulia. Alimega tonge upande wa mumewe, akalichovya, akalitafuna bila haraka huku akimtazama usoni, akalimeza.

"Kula," alisema. "Nimeshaonja."

Maji yalidondoka kutoka vidoleni mwa Cletus hadi mkekani. Ugali ulikuwa ukitoa mvuke, na mkewe alikuwa bado anasubiri.