Kibali cha Kiingereza

Musoma nzima, kuanzia Mukendo mpaka Buhare, hakuna kijana anayenishinda Kiingereza, na Kiingereza changu hakijawahi kumletea mtu balaa. Hivyo ndivyo nilivyowaambiaga wanafunzi wangu kila Jumatatu, shati nimechomekea, chaki nimeibana sikioni kama fundi seremala.

Ilikuwa mwaka themanini na saba. Maduka yalikuwa yameanza kupumua tena, mitumba imemwagwa chini mpaka huoni pa kukanyaga, na kila mwenye kiduka alitaka kuandika barua ya Kiingereza kwa watu wa Nairobi. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mdomo. Mzee Hamduni, muuza vitambaa, alinipa chumba cha uani kwake nifundishie, nami nikamfundisha yeye bure pamoja na wenzake watano.

Siku ile somo lilikuwa jinsi Mzungu anavyokibebesha kitu mzigo kwa nyuma.

"Sikilizeni," nikasema. "Mzungu anataja kitu kwanza. Halafu anasema kilifanyiwa vipi, ndipo anasema kilifanyiwa nini. Sisi tunasema barua iliyoandikwa kwa uangalifu. Yeye anasema 'a letter carefully written'. Ule uangalifu unawahi kufika kabla ya kuandika."

"Kama mshenga," akasema Mzee Hamduni. "Anatangulia, shughuli inafuata."

"Mzee, wewe umeshafaulu, nenda nyumbani."

Wakacheka. Felisian, karani wa ghala, mtu wa maswali, akanyoosha mkono. "Ticha, sasa mwandishi yuko wapi hapo?"

"Nani?"

"Aliyeiandika hiyo barua. Barua ipo, uangalifu upo, kuandikwa kupo. Mtu mwenyewe simwoni."

"Hatakiwi," nikamjibu. "Ndiyo raha ya Kiingereza hiyo. Kazi inaonekana, mtu haonekani. Andika 'goods lawfully bought', bidhaa zilizonunuliwa kihalali, uone kama kuna mgambo atakayeuliza nani alinunua..."

Hapo ikanijia ile harufu. Sabuni ya mche, ya kufulia, iliyolowa maji ya mto. Chumba kile hakikuwa na beseni wala ndoo. Tena ilikuwa saa tisa mchana, jua linapasua bati.

Nikageukia ubao haraka ili wasinione uso. Nikataka kuandika mfano mwepesi, mtu aliyevaa vizuri. Nikaandika 'a man'. Mkono ukaendelea wenyewe. Niliposogea nyuma nikakuta nimeandika 'a man never found', mtu ambaye hakupatikana kamwe, na nyuma yangu nasikia kalamu sita zinanakili, kwa heshima zote.

Haikuwa mara ya kwanza. Kila nikifundisha somo hili, mifano inakuja ya mtu mmoja: mwili ambao haukupatikana, kaburi lililofunikwa upesi, swali lililoulizwa mara tatu. Nafuta, inarudi. Wiki moja niliamua kufundisha majina ya matunda tu. Nilipofika kwenye embe, harufu ikaingia.

Mtu mwenyewe aliitwa Danford, wa Butiama, tuliyekaa naye dawati moja miaka minne. Mwaka themanini na tatu, sabuni ilipokuwa adimu kiasi kwamba watu walifulia majani ya mpapai, Danford alipata njia ya kuitoa ng'ambo ya mpaka na kuipeleka Bunda kwa baiskeli. Ndio wakati ule ule wahujumu uchumi wakawa wanasakwa, vizuizi kila kona. Akaja kwangu.

"Machage, wewe mtu wa karatasi. Nitengenezee kibali."

Nikaazima taipu, nikamchapia kibali ambacho hata mimi nilikiogopa. 'The bearer, duly authorised', aliyebeba, aliyepewa ruhusa ipasavyo. 'Goods lawfully bought'. Mwisho sahihi ya bwana mkubwa ambaye hajazaliwa. Danford akakitazama.

"Lakini vibali vya serikali si huandikwaga kwa Kiswahili?"

"Kiswahili kila mtu anakisoma, bwana. Kiingereza kinaogopwa. Mgambo akikiona atakupigia saluti, atakusukumia na baiskeli."

Akacheka. Alikuwa akiniamini kwa kila kitu, hata kwa wasichana, na huko nako nilimpoteza mara nyingi.

Kwenye kizuizi kimoja cha njia ya Bunda, mgambo alikichukua kibali, akakigeuza juu chini, akasema, "Tangu lini serikali yetu inatuandikia kwa lugha ya malkia?" Ikawa basi. Danford akaiacha baiskeli, lakini gunia la sabuni hakuliacha. Akakimbilia mtoni nalo begani. Ilikuwa Aprili, mto umejaa mvua. Alizama pale kwenye kona ya mto, na kwa muda mrefu maji yalikuwa yakitoa povu jeupe, kama vile kuna mtu anafua huko chini. Mimi siku hiyo nilikuwa Bweri nafyatua matofali. Haya yote nilihadithiwa.

Walimtafuta siku nne mpaka ziwani. Katika ukoo wao, asiyepatikana huzikwa tunda la mwegea badala yake, lile refu kama mkono wa mtu, limevikwa nguo zake. Na udongo wa kwanza hutupwa na yule aliyemtia marehemu njiani, aliyemwezesha safari yake ya mwisho. Asipojitokeza, marehemu hana pa kulala, na jina lake hapewi mtoto. Nilikuwepo Butiama siku hiyo. Baba mdogo wake alisimama juu ya shimo akauliza mara tatu, "Aliyemtia njiani yuko wapi?" Tunda lilikuwa limevikwa shati la shule, na kola yake nilikuwa nimewahi kuiandikia jina kwa peni mimi mwenyewe. Nikaangalia viatu vyangu. Kaburi likafunikwa hivyo hivyo.

Sasa turudi uani kwa Mzee Hamduni. Somo lilipoisha wote wakatoka, akabaki Nyangi. Nyangi ni dada yake Danford. Ameolewa hapa mjini, ana mtoto wa kiume wa miezi mitatu. Aliishia darasa la saba, na katika wote sita yeye ndiye aliyesoma kama mtu anayechimba kisima.

"Kaka Machage," akasema. Darasani nilikuwa ticha, nje ya darasa kaka, kwa sababu ya marehemu. "Nina kitu. Baba alikificha miaka yote, anaogopa kuitwa mhujumu. Mgambo walimrudishia pamoja na baiskeli."

Akafungua ncha ya kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa laini kama kitambaa. Niliijua kabla hajaikunjua.

"Ndiyo iliyonileta kwenye hili darasa. Nilitaka niisome mwenyewe. Leo umeniwashia taa, kaka. Hapa: aliyebeba. Kwa namna fulani. Amepewa ruhusa. Ni sawa?"

"Sawa," nikasema.

"Na Felisian ameuliza vizuri. Aliyetoa ruhusa haonekani." Akanitazama. "Mtoto analia usiku kucha. Mama anasema ni mjomba wake anataka jina. Na jina hatuwezi kumpa mpaka aliyeandika hii aje Butiama atupe udongo. Hatutaki kumshitaki. Hatutaki kitu chake. Aje tu, dakika moja, ashike udongo. Wewe unajua waandishi wa mji huu. Hii ni kazi ya nani?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, jambo lenyewe jepesi: mkono mmoja wa udongo. Nilifungua kinywa niseme. Harufu ya sabuni ilikuwa nzito mpaka naionja ulimini. Danford alikuwa amekaa benchi la nyuma, naapa, maji yanamtiririka kwenye kola, anasubiri kama alivyokuwaga anasubiri nimalizie mzaha.

Nami nikasema, "Huyu ni mtu wa Tarime, dada yangu. Naijua taipu hii. Mzee mmoja hivi, ameshakufa. Laiti ningekuwepo pale kizuizini siku ile ningemshika mkono Danford. Lakini ndiyo hivyo, nilikuwa Bweri na matofali yangu."

Nyangi akainamisha kichwa. "Ameshakufa," akasema polepole. "Basi mtoto wangu ndiyo kakosa."

"Hodi humu!"

Akaingia mama mmoja mnene, mtoto mgongoni analia, kanga imelowa mate.

"Mkamwana, mnyonyeshe huyu, ameniharibia masikio."

"Karibu mama," Nyangi akasema. "Kaka, huyu ni mama mkwe wangu, mama Mbuke. Kaja jana kutoka Bunda kumwona mjukuu. Mama, huyu ndiye kaka Machage, rafiki wa marehemu, anayenifundisha."

"Shikamoo mama."

Yeye alikuwa akimfungua mtoto, mikono ikasimama kwenye fundo. Akanitazama usoni, akashuka mpaka viatuni, akarudi tena usoni.

"Huyu namjua."

"Umenifananisha, mama," nikacheka. "Sura yangu ni ya bei rahisi, wanayo wengi."

"Ndiyo, hata siku ile ulikuwa na maneno hivyo hivyo." Akamkabidhi Nyangi mtoto. "Nilikuwa nauza viazi pale kizuizini. Ulishuka kwenye lori la mchanga asubuhi, ukakaa kwangu, ukanunua viazi viwili. Ukaniambia, mama, subiri uone mgambo wanavyoipigia karatasi saluti. Nikacheka nikakuongeza cha tatu."

"Mama Mbuke..."

"Nyangi, yule kijana wa viazi niliyekuambiaga, ambaye sikujua jina lake, ndiye huyu. Walipomzuia kaka yako, kabla hajakimbilia mtoni, alimwonyesha huyu kidole. Akasema, muulizeni yule, ndiye mwenye karatasi. Mgambo akaja mpaka kwenye kapu langu, akauliza, wewe, unamfahamu yule?"

Mtoto alikuwa amenyamaza. Nyangi aliniangalia, karatasi bado mkononi.

"Sasa mwambie mwenyewe," mama Mbuke akasema. "Mwambie ulimjibu nini, kiazi changu kikiwa mdomoni."