Hatua Thelathini

Mwaka 1957 Bwana Holti, mlowezi mwenye shamba la chai karibu na Igowole, aliletewa boksi kwa posta kutoka Uingereza. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao na bati vya kuunganisha lori dogo la jeshi, la aina ileile ya lori alimofia mwanawe Robati vitani kule Burma.

Dereva wa Robati alikuwa Asukile. Vita vilipokwisha, Asukile alimletea mzee saa ya marehemu, akamwambia maneno machache tu: risasi moja, akafa palepale, hakuteseka. Bwana Holti akamwajiri awe mpishi wake. Mwaka wa kumi na mbili sasa.

Tangu boksi lifike, aliitwa mezani kila mchana.

"Tope lilifika wapi?"

"Kwenye bodi, Bwana. Lakini hata likiwa safi linapendeza."

"Sikukuuliza linavyopendeza. Turubai lilichanika upande gani?"

Asukile alijibu. Kila alichokitaja kilitiwa kwa brashi au kisu, na kila kilichotiwa kilizaa swali jingine. Wiki ya tatu alikuwa amechoka hata kudanganya.

"Tundu la risasi?"

"Mlangoni. Hapa chini."

Bwana Holti akatoboa. Akaketisha kijitu cha bati, ndiye Robati, kwenye kiti cha abiria. Akapitisha sindano tunduni. Ikagota kwenye goti.

"Mtu hafi palepale kwa goti," alisema taratibu. "Alikufa saa ngapi?"

"Jioni. Tulipigwa asubuhi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye majani, hatua thelathini. Wajapani walikuwa ng'ambo ya kijito, Bwana. Kila aliyeinua kichwa..."

"Alisema nini?"

Asukile angeweza kuishia hapo. Lakini maswali ya wiki tatu yalikuwa yamemfika shingoni.

"Aliniita mimi. Asukile, Asukile, mpaka sauti ikakauka. Wewe hakukutaja hata mara moja."

 Mzee akachukua rula, akapiga hesabu, akaona ubao uliobeba lori hautoshi kwa hatua thelathini, akaunganisha mwingine. Mwisho wake akapanda nyuzi za katani ziwe majani. Akamsukumia Asukile kisu na kipande cha mti.

"Jichonge. Umelala kifudifudi, uso umeinuka. Ukikataa, au ukihama, nawaandikia wakuu wa jeshi wajue nani alimwacha ofisa wake."

Siku tatu alichonga. Mara mbili kazi ilirudishwa: macho hayajawa wazi vya kutosha. Mkewe Damari akamsihi waondoke, warudi kwao Rungwe. Yeye akaendelea kunoa kisu.

Lori likawekwa sebuleni. Jumapili wakaja walowezi wa upande wa Nyololo, na Bwana Holti akawaeleza kwa Kiingereza, kidole kikitembea: lori, kijito, majani. Wageni wakainama kutazama kijitu cha mti. Kisha wakamtazama aliyeshika sinia.

"Sukari vijiko vingapi, memsabu?" Asukile akamwuliza aliyekuwa karibu.

Yule mama akafunika kikombe chake kwa kiganja.