Barua Iliyofunguliwa Siku ya Tatu

Wateja walimwita Risiti kwa sababu hakuna siku aliyomaliza mazungumzo bila kulitaja neno hilo. Umenunua misumari? Risiti. Umeziba paa? Risiti. Mchinjaji mmoja aliwahi kusema kwamba malaika akija kuichukua roho ya mtu huyu, atadaiwa risiti kwanza.

Kazi yake ilikuwa kuwashauri wafanyabiashara juu ya kodi. Si wakubwa. Mafundi, wachinjaji, wenye maduka ya rangi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo, na mguu mmoja wa meza ulikuwa umewekewa kipande cha mbao ili usiyumbe.

Ofisi ya kodi ilipohamia kwenye mtandao, kila mfanyabiashara alitakiwa awe na barua pepe. Wateja wa Risiti walikuwa hawaijui barua pepe hata ikiwakanyaga. Basi akawafungulia yeye, wote arobaini na watatu, kwa neno la siri moja, maana kichwa chake kilikuwa kimoja. Sheria haikumruhusu mshauri kushika neno la siri la mteja, na akikutwa nalo leseni inakwenda. Kwa hiyo akawafundisha jibu, akawaimbisha kama watoto wa chekechea: ukiulizwa nani anaifungua barua pepe hii, sema ni yangu, naifungua mwenyewe.

Mwanafunzi wake bora alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mke wake. Huyo alikuwa na chumba cha ushonaji chenye cherehani saba, akishona sare za shule. Mtaa mzima ulimwita Mama Sare.

Miaka ikapita, mambo yakaenda. Kisha sheria ikabadilika: barua ya kodi itahesabika imemfikia mtu dakika ileile ilipotumwa kwenye barua pepe yake. Haijalishi ameifungua au hajaifungua. Tangu hapo ana siku thelathini za kuweka pingamizi, na zikipita, kinachodaiwa ni deni. Risiti aliisikia kwenye semina. Akaiandika kwenye daftari na kupiga mstari chini yake, kwa rula.

Lakini daftari ni daftari na mazoea ni mazoea. Masanduku yale ya barua pepe yalijaa matangazo: viatu, mikopo, dawa za kuotesha nywele. Kila Ijumaa Risiti aliyapitia, akabonyeza pale panapofanya barua zote zionekane zimesomwa, kisha akazitafuta zile za ofisi ya kodi peke yake. Ijumaa moja, katika msimu wa kupeleka hesabu za mwaka, alibonyeza, simu ikaita, akashuka chini kuonana na mteja. Hakurudi kutafuta.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Siku ya hamsini na mbili tangu barua moja ya wiki hiyo itumwe, Mama Sare alimpigia simu asubuhi.

"Shemeji, benki wananiambia akaunti yangu imefungwa kwa amri ya ofisi ya kodi. Nimewaambia wamekosea mtu. Njoo uwaambie na wewe, mimi wananiona mshona vifungo tu."

Risiti akafungua sanduku lake. Barua ilikuwepo. Ilisema kwamba ununuzi wote wa vitambaa wa miaka miwili umekataliwa kwa kuwa hauna risiti za mashine, hivyo mauzo yote yamehesabiwa kuwa faida. Pembeni yake neno moja dogo: imesomwa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba pingamizi hilo lingeshinda. Mama Sare alinunua majora yake kwa muuzaji wa jumla ambaye mashine yake ya risiti ilikuwa mbovu miezi na miezi, na muuzaji mwenyewe alikuwa tayari kuapa. Madaftari ya kupokelea mzigo yalikuwepo, yamesainiwa kila ukurasa. Kesi ya kushinda kabisa, ila kwa siku ishirini na mbili zilizozidi.

Alipofika, cherehani zote saba zilikuwa zinalia. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Mkataji, mzee mwenye chaki nyuma ya sikio, alikuwa ameinamia meza kubwa. Mama Sare alikuwa na pini mdomoni.

"Kaa, ila usikalie kola," alisema kupitia pini. "Haya. Nani amekosea?"

"Kuna barua walituma, shemeji. Ya kodi. Ilichelewa kuonekana."

"Barua gani? Hapa hakuja mtu na barua."

"Ya mtandao."

"Aa, ile yangu." Akatoa pini mdomoni. "Inasemaje?"

Akamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mkataji.

"Umesikia? Kwa hesabu yao vitambaa niliviokota. Miaka miwili naokota majora barabarani, na wewe uko hapa hata hukuniambia tukaokote wote."

Mkataji akacheka. Na Risiti akacheka, ingawa hapo ndipo alipotakiwa kusema kwamba barua ile aliifungua yeye. Hakusema. Alisema watakwenda kesho kuomba waongezewe siku.

Asubuhi iliyofuata mke wake alikuwa akimpigia shati pasi. Huyo alikuwa anajua yote.

"Umemwambia dada?"

"Nitamwambia tukishapata siku."

"Na msipopata?"

"Tutapata."

Mke akalikunja shati badala ya kumpa, akaliweka juu ya kiti. "Dada ndiye aliyenisomesha kwa cherehani ya miguu, unalijua hilo. Mwambie kabla hajaingia kwenye ile ofisi. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini awaambie basi wanakula nini."

Njiani alitaka kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza Mama Sare alikuwa anahesabu kwa vidole mikono ya sweta iliyobaki. Mara ya pili alikuwa anamsifu.

"Mimi bila wewe ningekuwa nimeshafunga duka. Nawaambia wenzangu, tafuteni shemeji mwenye daftari, wanaume wenye sura nzuri hawana faida."

Ofisa aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na kikombe cha chai kilichopoa. Alisoma pingamizi lote. Akafungua madaftari ya mzigo, kurasa tatu nne, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hili lingekuja kwa wakati, nisingekuwa na la kubishana nalo," alisema. "Lakini muda umepita. Kuna mlango mmoja tu sheria imeuacha. Kama barua haikumfikia mhusika kwa sababu isiyo kosa lake, kwa mfano anayeishika barua pepe ni mtu mwingine asiye na ruhusa, mkuu wangu anaweza kuongeza siku. Sasa mimi hapa naona barua ilifunguliwa siku ya tatu. Nani hufungua barua pepe yako, mama?"

Mama Sare akanyoosha mgongo. Hilo alikuwa analijua.

"Ni yangu. Naifungua mwenyewe."

Akamtazama Risiti kwa pembe ya jicho, kama mwanafunzi aliyepata.

Ofisa akaanza kuandika kwenye kompyuta. Risiti alizisikia herufi zikigonga moja moja. Kusema ilikuwa maneno matano. Barua pepe yake naishika mimi. Lakini nyuma ya maneno matano ilikuwa leseni, na nyuma ya leseni wateja wengine arobaini na wawili ambao masanduku yao yangefunguliwa moja baada ya jingine, na ada ya shule, na kodi ya nyumba. Alijiambia labda mkuu atawahurumia hata hivyo. Alijiambia ngoja amalize sentensi. Mtu akitafuta sababu ya kunyamaza, hazimwishii.

Mashine ya kuchapa ikaanza kutoa karatasi.

"Si yeye," alisema Risiti. "Ni mimi. Barua pepe yake naishika mimi. Neno la siri ninalo mimi, yeye hajawahi kuiona."

Ofisa akaacha karatasi iendelee kutoka. Upole haukumwisha, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama ameshasema ni yeye. Nimeshaandika, na imeshatumwa kwa mkuu. Nikienda sasa kusema wamebadilisha maneno baada ya kusikia mlango uko wapi, wewe ungeamini?"

"Ndiyo ukweli."

"Inawezekana. Ungekuwa wa kwanza kusema, ningeuandika." Akavuta karatasi nyingine. "Hili la neno la siri nalo siwezi kujifanya sijalisikia. Namba ya leseni yako?"

Akaitaja. Alikuwa anaijua kwa moyo.

Nje kulikuwa na ngazi ndefu za saruji. Mama Sare alishuka taratibu, akishika ukuta, kisha akasimama katikati.

"Nilijibu vibaya?"

"Ulijibu nilivyokufundisha."

"Na ulikuwa unajua tangu jana? Pale ulipokuwa unacheka na sisi?"

"Tangu jana."

Alishuka ngazi mbili zaidi. "Ungeniambia jana, shemeji, leo ningesema jingine. Mimi ni mtu wa kuambiwa. Ukiniambia kola ya duara nashona ya duara." Hakupandisha sauti. Hakumwita shemeji tena hadi walipofika.

Akaunti haikufunguliwa. Majora mapya hayakulipiwa, na muuzaji wa jumla, yule aliyekuwa tayari kuapa, akayapeleka kwa mwingine, kwa kuwa naye ana watoto. Siku ya nane baada ya safari ile Mama Sare aliwaita washonaji, akawalipa siku zao kwa pesa aliyoipata kwa kuuza cherehani mbili. Tano zilizobaki ofisi ya kodi iliziandika namba kwa rangi nyeupe, ikasema zisisogezwe hadi deni lilipwe. Sweta zilizokuwa hazina mikono zilibaki hazina mikono.

Risiti alikwenda siku hiyo kwa sababu mke wake alimwambia asipokwenda asirudi nyumbani. Chumba kilikuwa kimya, na ukimya wa chumba cha ushonaji hauzoeleki. Mkataji alikuwa anafagia vipande vya kitambaa. Mama Sare alikuwa kwenye kiti chake, miwani imefungwa uzi pembeni.

"Nionyeshe," alisema.

"Nini?"

"Hiyo barua pepe yangu. Miaka sita nawaambia watu ni yangu. Nataka kuiona."

Akamfungulia kwenye simu. Akamwonyesha pa kusukuma kwa kidole. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Viatu. Mikopo. Nywele.

"Hawa wamenitakia heri ya siku ya kuzaliwa kila mwaka," alisema. "Ni akina nani?"

"Ni kampuni ya barua pepe. Ni mashine."

"Wamekumbuka lakini."

Akaendelea kusukuma. Kisha kidole kikasimama, akaisogeza simu karibu na macho.

"Hawa nao ni mashine?"

Risiti akainama. Ilikuwa barua ya shule moja kubwa. Walikuta jina lake kwenye orodha ya washonaji waliosajiliwa, wakaomba bei ya sweta mia nne, kila mwaka, kwa mkataba wa miaka mitatu. Chini yake barua ya pili, wiki mbili baadaye: tunaomba utujibu, tumependa kazi yako. Zote mbili zilikuwa za mwaka juzi, na zote mbili, pembeni, neno lilelile dogo.

"Sio," alisema. "Hao ni watu."

Mkataji aliacha kufagia. Mama Sare alizisoma zote mbili tena tangu mwanzo, bila haraka, kama mtu anayekagua mshono. Alipomaliza alimrudishia Risiti simu.

"Mkataji, zima taa ya nyuma," alisema. "Tunalipia umeme wa nini."