Mtu wa Kifungu cha Tisa

Saa mbili na dakika tano asubuhi, mtu wa kawaida mwenye ujuzi wa fani alitia sahihi kwenye daftari la wageni, akapanda hadi ofisi ya hataza, inayotoa hati za kumiliki uvumbuzi. Sheria ilimtaja katika kifungu cha tisa: kilicho dhahiri kwake, hakuna atakayekimiliki peke yake. Wengi walidhani ni wa kwenye maandishi tu, lakini alikuwa na shati la kaki, bisibisi mfukoni na kikohozi kidogo. Mhudumu alimtengea kikombe.

Mezani kwa mkaguzi kijana kulikuwa na ombi la kampuni moja: kifaa cha mazoezi. Kamba imepita kwenye roda juu ya mlango, huku uzito, huku mpini; aliyepooza huvuta mpaka mkono ukumbuke kazi yake. Mkaguzi alikuwa amekua akikiona. Shangazi yake, mnyoosha viungo hospitalini, alikuwa navyo kumi na kimoja, vya madumu ya mchanga, miaka ishirini sasa, bila kuandika popote. Hataza ingetoka, vingeng'olewa.

Akaanza kumsomea mgeni dai la kwanza. Kabla hajafika kwenye nukta, mgeni alikuwa amekwisha kupitisha kamba ya pazia juu ya mlango na kufunga dumu la maji ya kunywa.

"Hiki tu?" aliuliza. "Nikadhani mna kazi."

Mkuu wa kitengo aliingia akiinama chini ya kamba. Akaivuta mara mbili tatu. Bega lililomsumbua tangu mwaka jana likalegea. Kisha akauliza kama mgeni ana kitambulisho.

"Hana, mzee. Yumo kwenye kifungu cha tisa."

"Basi abaki humo humo. Kampuni ina mawakili wanne, shangazi yako ana madumu. Mwenye nguvu mpishe, kijana. Andika: si dhahiri."

Mkaguzi alikataa katakata. Mkuu akaandika mwenyewe, kwa mkono ambao bega lake halikuuma tena.

Wiki iliyofuata shangazi alipiga simu. "Mwanangu, wamebeba hata mchanga."

Siku hizi mtu wa kawaida hushinda wodini kwa shangazi badala ya vifaa, kamba mabegani, mikono juu, wagonjwa wakivuta. Kwa kuwa nje ya kifungu cha tisa kisheria hayupo, hakuna awezaye kumshtaki. Ila wagonjwa ni kumi na mmoja, naye ni mmoja. Jua huzama mgonjwa mmoja, mshona viatu, wa mwisho kwenye foleni, bado hajafikiwa, mkono wake umelala mapajani.