Magazeti ya Kichwa Chini

Krismasi ya mwaka wa tisini na tatu ilipokaribia, Dinah alibandika magazeti ukutani kwa uji wa unga, kama walivyofanya akina mama wote kule karibu na Shianda, ili nyumba ipendeze. Kurasa zenye picha alizipatia. Zisizo na picha, loo! Nusu nzima alizibandika kichwa chini. Angejuaje, naye hakuwahi kukanyaga darasa? Mumewe Osundwa, mkata miwa, akirudi nyumbani alitazama sahani, si ukuta.

Januari, Mwalimu Navalayo wa darasa la pili, alimosoma Mitchel binti wa Dinah, aliwaita wazazi. "Kila mtoto asome nyumbani kila siku, hata kama ni robo saa. Na mzazi akae karibu amsikilize."

Dinah alirudi roho mkononi. Vitabu havikuwapo, na akikaa kusikiliza, si Mitchel atagundua kwamba mamake hajui hata a? Na binti wa miaka saba akishamdharau mama, atamsikia tena akiambiwa asome? Aliwaza weee, mpaka akapata la kufanya. Kila jioni, maji ya kusongea obusuma, ugali wa kwao, yakiwa mekoni, Mitchel angesimama ukutani asome gazeti, naye angesikiliza amekunja uso kama mkaguzi wa shule.

"Usikimbie," alikuwa akisema. "Rudia hapo." Hapo wapi, hata yeye hakujua.

Wakaenda hivyo siku baada ya siku, bei ya mahindi, mpira, matangazo ya vifo, mpaka kurasa zilizokaa sawa zikaisha. Mitchel akafika dirishani.

"Mama, hii gazeti imepinduka."

Moyo ukampiga Dinah paa! "Najua. Niliiweka hivyo nikupime."

Masikini mtoto wa watu, akainama, akachungulia katikati ya miguu yake, akasoma. Kufikia Aprili hakuinama tena. Alisoma vilevile zilivyo, bila kukwama.

Siku moja Mwalimu Navalayo akapiga hodi, anacheka. "Mama Mitchel, huyu mtoto anasomanga daftari langu akiwa upande ule wa meza! Umemfundishaje?" Kisha macho yake yakatua ukutani. Kicheko kikamkauka. Mungu ambariki mama yule, aligeuza macho upesi. Alikunywa chai yake, akashukuru, akaenda.

Lakini Dinah alijua amejulikana. Aibu ikamjaa. Akauendea ukuta, akaanza kurarua karatasi.

Mitchel akamshika mkono. "Mama, usitoe! Hatujamaliza."

"Mwanangu, nilikudanganya. Sikuwa nakupima. Mimi sijui kusoma."

"Najua."

"Eh! Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimenyamaza, na wewe ukasema nirudie."

Dinah akaiachilia karatasi. "Na bado ukawa unasoma kila siku? Kwa nini hukuacha?"

Mitchel alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Sasa mama, nikiacha, nani atakusomea?"

Dinah alilia, wala hakujificha. Alimkumbatia mwanawe mpaka maji ya obusuma yakakauka sufuriani. Halafu akajifuta uso kwa leso, akaketi sakafuni mbele ya ukuta.

"Haya, mwalimu," akasema. "Nionyeshe jina langu linaanzaje."