Pia ya Deshun

Kwa miaka thelathini Suying hakuhitaji saa jikoni. Kila asubuhi mumewe Deshun alishuka uwanjani, chini ya dirisha lao, akachezesha pia yake ya mwanzi juu ya kamba iliyofungwa kwenye vijiti viwili. Mvumo wake ulipanda mpaka ghorofa ya tatu kama nyuki waliofungiwa mtungini. Mvumo ukinyamaza, Suying alitia tambi kwenye maji yanayochemka. Deshun akimaliza kupanda ngazi, zimeiva.

Kisha kiharusi kikamnyang'anya mkono wa kulia. Mguu ulikuwa na nafuu, lakini Deshun alilala tu, uso ukutani. Daktari alikuwa ameonya kwamba asipojiinua mwenyewe majira haya ya baridi, mwili utazoea kitanda. Suying alimbembeleza, akamgombeza, akalia. Wapi!

Asubuhi moja akaitoa pia kabatini, ilikohifadhiwa mbali na bomba la kupasha nyumba joto lisije likaupasua mwanzi, akavaa koti.

"Nakwenda chini," alisema. Deshun hakugeuka.

Uwanjani, kati ya wachezaji wa pia wa kila asubuhi, Bi Meng, kondakta mstaafu wa basi ambaye sauti yake haikustaafu, alikuwa wa kwanza kumwona.

"Heee, shemeji! Umekuja kututia aibu leo?"

Suying aliinama, akaviringisha pia kwenye kamba kama alivyomwona mumewe akifanya. Mkono wa kulia ukavuta, wa kushoto ukafuata. Pia ikaanza kunung'unika, kisha ikajipinda, kamba ikajisokota, ikaanguka. Akarudia. Ikaanguka. Mara ya tano watu wakaanza kucheka, na masikio yake yakawaka licha ya baridi.

"Umesimama kama nguzo ya taa!" Bi Meng alisema. "Zetu hizi za plastiki zina vichwa viwili, zinatulia. Hiyo ina kichwa kimoja, upande mmoja mzito. Haikai inatazama mahali pamoja. Ikigeuka, na wewe geuka nayo."

"Nizunguke mbele za watu wote hawa? Kama punda wa kinu?"

"Mimi nazunguka mwaka wa sita, na mume wangu hajaniuza bado. Zunguka, dada!"

Suying alitazama juu. Pazia la dirisha lao halikutikisika. Miaka yote ile alidhani Deshun anazunguka kwa maringo, na hata aliwahi kumwambia hivyo. Kumbe alikuwa akiifuata pia.

Akavuta tena. Pia ilipoanza kugeuka, akapiga hatua ndogo kando, kisha nyingine. Akaacha kuwatazama watu, akaitazama pia peke yake. Nao mvumo ukaja: kwanza mwembamba, halafu mzito, ule ule, ukagonga kuta za majengo na kurudi. Suying alizunguka duara moja, la pili, nusu ya la tatu. Mguu ukateleza, pia ikadondoka, kimya kikarudi.

Hakujaribu tena. Aliifunga kwa skafu yake, akapanda ngazi polepole, akijiandaa kuuona tena mgongo wa Deshun.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Deshun alikuwa jikoni, amejiegemeza kwenye meza kwa nyonga. Pakiti ya tambi ilikuwa imechanwa kwa meno, nusu yake sakafuni, nusu sufuriani. Moto ulikuwa unawaka chini, lakini maji yalikuwa vuguvugu tu, na tambi zilikuwa zimeanza kushikana kuwa bonge.

"Umewahi mno kuacha," alisema. Maneno yalimtoka mazito, upande mmoja wa mdomo.

"Nimeteleza."

"Hatua zako kubwa." Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha kwa vidole viwili juu ya meza: hatua ndogo, ndogo, za kuzunguka.

Suying alichukua uma, akaanza kuzitenganisha tambi.

"Kesho nitakawia zaidi," alisema. "Wewe ngoja maji yachemke."